Julie Mehretu, Kasubi na kuta za Jinja: mchoraji wa leo achote nini katika majengo ya kale?

Mwanzisha uzi, Kampala:

Salamu kwenu wanajukwaa wote. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya picha za Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda, zinazouzwa hapa Kampala, katika soko la ufundi la Barabara ya Buganda na katika vibanda vilivyo nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Ziko nyingi, na karibu zote zinafanana: paa kubwa la nyasi, mlango mpana, mzee mmoja mwenye kanzu, na jua linalozama nyuma ya migomba. Waliozichora wana mkono mzuri na picha hizo zinalisha familia zao, kwa hiyo sitamdharau hata mmoja wao. Ninachosikitikia ni kwamba mtu anaweza kuzitazama zote mfululizo asijue kwa nini nyumba ile ilijengwa kwa namna ile, nani aliruhusiwa kuiezeka, na nini kimesitiriwa ndani yake. Sura ya jengo imechukuliwa, mpangilio wake umeachwa.

Hoja ninayotaka tuijadili ni kwamba mchoraji wa leo anayevutwa na usanifu wa kale na alama zake hapati kitu kikubwa kwa kunakili umbo la nje. Anapata pale anapojifunza jinsi jengo linavyobeba uzito, linavyogawa watu, linavyoficha na linavyoamuru, kisha akaifanya picha yake ifanye kazi hizo hizo. Naomba tuanze na mchoraji aliye hai ambaye amelifanya jambo hili kwa miaka mingi, naye ni mzaliwa wa nchi isiyo mbali na yetu.

Julie Mehretu alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970, baba yake Mwethiopia aliyefundisha chuo kikuu, mama yake Mmarekani. Mwaka 1977, utawala wa kijeshi wa Derg ulipokuwa umeikaba nchi, familia ilihamia Michigan nchini Marekani. Alisoma Kalamazoo, akapitia Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop huko Dakar, na mwaka 1997 akahitimu shahada ya uzamili katika Rhode Island School of Design. Wasifu wake unapatikana kirahisi, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye namna anavyofanya kazi, kwa kuwa humo ndimo lilimo funzo.

Katika picha zilizomjenga jina, Mehretu huanza na michoro ya wasanifu majengo: ramani za sakafu, sura za mbele, nguzo, ngazi, matao, viwanja vya michezo. Michoro hiyo huifuatisha kwenye kanvasi kwa wino, mstari mwembamba baada ya mstari mwembamba. Juu yake hupakwa tabaka la akriliki inayopitisha mwanga, nalo likikauka hupigwa msasa mpaka uso uwe laini kabisa. Kisha unakuja mchoro mwingine juu ya ule wa kwanza, na tabaka jingine, na msasa mwingine. Mwisho wa yote huingia kwa mkono huru, kwa vistari vifupi vya wino mweusi, mafukizo ya kijivu, na pengine pembetatu ndogo za rangi kali. Ukisimama mbali unaona wingu au vumbi la kitu kilichoanguka. Ukisogea unaanza kutambua dirisha, kizingiti, nguzo, na chini ya nguzo hiyo nguzo nyingine ya jengo la nchi nyingine.

Chukueni mfano wa Berliner Plätze, picha aliyoifanya kati ya 2008 na 2009. Humo amefuatisha sura za majengo ya Berlin ya karne ya 19 na kuyalaza moja juu ya jingine mpaka hakuna hata moja linalosimama peke yake. Mji ule ulipigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mengi ya majengo ya zama zile hayapo tena. Mchoraji mwingine angechora magofu na moshi. Yeye amechora majengo yakiwa mazima, na kwa kuyarundika pamoja amemfanya mtazamaji ahisi kwamba hawezi kuyafikia. Hicho ndicho ninachokiita kuchukua mpangilio.

Mchangiaji, Jinja:

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakushukuru, lakini nina shaka mbili. Ya kwanza ni ya mtazamaji. Picha unazozisifu zinahitaji mtu aliyesoma ili azielewe, wakati picha ya Kasubi yenye mzee na migomba inaeleweka na kila mtu, hata mtoto. Ya pili ni kwamba unazungumza kana kwamba usanifu wa kale nchini mwetu ni Kasubi peke yake. Sisi wa Jinja tunaishi ndani ya usanifu wa kale kila siku. Tembea Main Street uinue macho juu ya mabati ya vibaraza, utaona mapaji ya maduka ya Wahindi wa zamani yenye mwaka wa kujengwa uliofinyangwa kwa lipu, na mapambo ya maua na nguzo za uongo zilizobandikwa ukutani. Je, hayo nayo hayastahili mchoraji?

Mwanzisha uzi, Kampala:

Yanastahili, ndugu yangu, na umenipa mfano bora kuliko ambao ningeutafuta mwenyewe. Tazama ukuta mmoja wa maduka hayo kwa ukaribu. Kuna lipu ya mwenyewe wa kwanza, na mwaka alioufinyanga kwa fahari, akiamini wajukuu wake watausoma. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, wakapewa siku 90, na maduka yakaingia mikononi mwa watu wengine. Waliopewa walipaka rangi yao juu ya ile ya kwanza na kuandika majina yao. Miaka ya 1990 baadhi ya majengo yalirudishwa kwa waliofukuzwa au kwa watoto wao, nao wakapaka tena au wakauza. Siku hizi kampuni za simu hupaka ukuta mzima rangi za matangazo yao, kuanzia kizingiti hadi paji, na chini ya rangi hiyo namba za ule mwaka bado zimetuna.

Sasa linganisha ukuta huo na kanvasi ya Mehretu. Matabaka tayari yapo, na kila tabaka liliwekwa na mamlaka fulani juu ya nyingine. Mchoraji anayepita Main Street na kuchora duka zuri la zamani lenye baiskeli mlangoni ameliona jengo siku moja tu ya maisha yake. Anayeweza kuzionyesha rangi hizo zote kwa pamoja, na ule mwaka ukitutumka chini yake, ametuonyesha jinsi mali inavyohama na jinsi jina la mtu linavyofutwa. Msasa wa Mehretu unapolainisha tabaka moja ili lipokee jingine unafanya kwa makusudi kile ambacho historia imeufanyia ukuta wa Jinja.

Kuhusu mtazamaji ambaye hakusoma, sikubaliani nawe. Mtu wa Jinja ambaye baba yake alikuwa karani katika duka hilo ataisoma picha ya namna hiyo haraka kuliko profesa wa ng'ambo, kwa sababu ataitambua rangi na ataikumbuka mikono iliyoipaka. Ugumu unakuja pale mchoraji anapotumia matabaka kama mtindo, bila kujua jengo lenyewe limepitia nini.

Mwalimu wa sekondari, Mbale:

Naomba niingie kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa sanaa na ninajua wanafunzi wangu wanakokwenda baada ya shule. Mwaka 2023 picha moja ya Mehretu iliuzwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 9, na mwezi mmoja au miwili baadaye nyingine ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 10. Ninafurahi kwa ajili yake. Lakini kazi yake nyingine kubwa, ile iitwayo Mural, yenye urefu wa karibu mita 24, iko katika ukumbi wa kuingilia wa benki ya Goldman Sachs huko New York tangu mwaka 2009. Mchoraji anayesemwa kwamba anachunguza majengo ya mamlaka amewapambia wenye mamlaka jengo lao. Tumwelezeje mwanafunzi wa Mbale jambo hilo?

Mwanzisha uzi, Kampala:

Mwalimu, swali lako ni zito na sitaki kulikwepa. Picha ile ni ramani ya biashara yenyewe: njia za misafara na meli, miji ya soko, majengo ya mabenki na masoko ya fedha, yote yakiwa yamelazwa chini ya maumbo makubwa ya rangi yanayopita kama upepo wa kusi. Imewekwa nyuma ya kioo na mpita njia anaiona kutoka barabarani. Waliolipia wameibeba ukutani mwao historia ya kazi yao, ikiwa na nguvu na vurugu zake. Kama wao wenyewe wanaisoma hivyo, sina njia ya kuwasemea. Ila naomba tukumbuke kwamba mchoraji wa majengo ya mamlaka tangu zamani amefanya kazi ndani ya majengo hayo hayo, kwa kuwa ndimo zilimo kuta. Aliyepamba nguzo za nyumba ya mfalme hapa Buganda naye alifanya kazi kwa amri ya mfalme. Swali la kumpa mwanafunzi ni kama picha ingesema jambo lile lile hata kama mwenye ukuta hakupenda.

Bei ziacheni pembeni, tafadhali. Haziwezi kumfundisha mtoto wa Mbale kuona.

Sasa nije Kasubi, kwa kuwa ndipo hoja yangu ilipoanzia. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi, ilijengwa mwaka 1882 na Kabaka Mutesa wa Kwanza kama sehemu ya makao yake, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Kwa desturi ya awali kila mfalme alikuwa na kaburi lake mahali pake. Hapa wakalazwa wafalme wanne chini ya paa moja: Mutesa wa Kwanza, Mwanga wa Pili, Daudi Chwa wa Pili na Mutesa wa Pili. Wawili kati ya hao walifia ugenini. Mwanga alifia Ushelisheli mwaka 1903 na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969 na akarudishwa mwaka 1971. Nyumba hiyo, kwa maana hiyo, ni mahali pa kupokea waliofukuzwa, na hakuna hata picha moja ya sokoni iliyonionyesha hilo.

Ukiingia, unavua viatu na unakaa chini juu ya mikeka iliyotandikwa juu ya nyasi. Ukiwa umekaa hivyo ndipo unapoona jengo lilivyokusudiwa kuonekana, kwa sababu jicho lako linakuwa chini na paa linakuzunguka. Ndani ya paa kuna pete za nyasi zilizofungwa kwa ustadi, moja ndani ya nyingine, zikipanda na kupungua upana hadi kileleni. Pete hizo ni 52, na kila moja inasimama kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda. Kwa hiyo taifa zima lipo juu ya kichwa chako, limefungwa pamoja, linabeba paa kwa kubanana. Hiyo ni alama, lakini pia ni uhandisi, na haiwezekani kuitenga moja na nyingine: ukiondoa pete, umepunguza ukoo na umedhoofisha paa. Uezekaji wenyewe ni kazi ya watu wa ukoo wa Ngeye, nao hurithishana ujuzi huo kizazi hadi kizazi.

Nguzo nazo zimevishwa lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Katika matengenezo makubwa yaliyoanza 1938 zege na chuma viliingizwa ndani ya jengo, na lubugo likavifunika. Mtu aliyekaa kwenye mkeka haoni zege. Anaona rangi ile ya udongo mwekundu kutoka sakafuni mpaka gizani juu. Sijui mfano mzuri zaidi katika nchi yetu wa tabaka jipya kuvaa tabaka la kale ili liruhusiwe kubeba mzigo. Mchoraji akilielewa hili, hahitaji tena kuchora paa lenye machweo. Anaweza kuanza na pete 52 zilizoonekana kutoka chini, au na nguzo moja iliyovishwa, na picha ikawa na Kasubi ndani yake kuliko zile zote zenye migomba.

Mzee, Kawempe:

Mwanangu, nimeyasoma yote na ninakupongeza kwa kuandika kwa adabu. Ila nina neno la onyo. Pale Kasubi kuna pazia la lubugo, na nyuma yake kuna Kibira, msitu ambako wafalme wamo. Sisi tuliokulia karibu na pale tumefundishwa kwamba yaliyo nyuma ya pazia hayasemwi ovyo na hayachorwi. Ukiwaambia vijana wachukue kile jengo linachokificha, kama ulivyoandika mwanzoni, watakwenda kufunua kisichofunuliwa. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile iliungua, na sisi tulilia kama waliofiwa. Hatutaki iungue tena kwa mikono ya wachoraji.

Mwanzisha uzi, Kampala:

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kunikumbusha. Ninakubaliana nawe kabisa, na naomba niliweke jambo hili wazi ili asiwepo kijana wa kunielewa vibaya. Niliposema mchoraji ajifunze jinsi jengo linavyoficha, nilikusudia kitendo cha kuficha chenyewe, wala sikukusudia kilichofichwa. Pazia lenyewe ni sehemu ya usanifu, na pengine ndiyo sehemu iliyo kuu. Mbele yake huwekwa mikuki, ngao na picha za wafalme wanne, kwa hiyo tayari nyumba imeamua kipi kionekane na kipi kisionekane, na imewapa waliokaa kwenye mikeka nafasi yao mbele ya mpaka huo. Mchoraji mwenye heshima anaweza kufanya kazi maisha yake yote upande huu wa pazia na asimalize.

Hata Mehretu, kwa njia yake, amewahi kushughulika na jambo hili. Katika picha iitwayo Believer's Palace, ya mwaka 2008 hadi 2009, jengo la msingi ni ikulu ya Baghdad iliyojengwa juu ya handaki. Mistari ya ikulu iko pale, lakini picha haikuchukui chini ya ardhi ikakuonyesha vyumba. Inakubakiza juu, katikati ya mistari iliyovurugika, ukijua tu kwamba chini kuna kitu. Ninatambua kwamba handaki la vita na Kibira ni vitu viwili visivyofanana kwa utakatifu, na sivilinganishi kwa hilo. Ninachosema ni kwamba uchoraji unaweza kuheshimu mlango uliofungwa na bado ukawa na nguvu.

Kuhusu moto, mzee, nina jambo moja la kuongeza. Kasubi iliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya moto wa 2010, na ikaondolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2023 baada ya kujengwa upya. Kilichowezesha kujengwa upya ni kwamba waezekaji bado walikuwepo, na waliokuwa wakijua mpangilio wa pete bado walikuwepo. Kama tungebaki na picha za sokoni peke yake, tusingejua paa linaanzia wapi.

Mwanafunzi wa sanaa, Makerere:

Mwalimu mwanzisha uzi, nisamehe kwa kukuita mwalimu bila kukufahamu. Shule yetu ya sanaa ilianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, na tangu wakati huo hatujaacha kubishana kuhusu kiasi gani cha mila kiingie darasani. Nina mambo mawili. Kwanza, Mehretu mwenyewe ameachana na michoro ya majengo. Kazi zake za miaka ya karibuni zinaanza na picha za habari zilizofifishwa hadi zisitambulike, kwa mfano ile ya mwaka 2016 yenye jina la mji wa Ferguson. Je, tumfuate katika njia ambayo yeye ameiacha? Pili, nimejaribu kufanya matabaka ya akriliki juu ya lubugo na imenishinda, kwa sababu lubugo linakunywa rangi na kugeuka jeusi. Naomba msaada.

Mwanzisha uzi, Kampala:

Dada, la kwanza kwanza. Ameiacha michoro ya majengo, ila tabia aliyojifunza kwa majengo hajaiacha. Picha ya habari iliyofifishwa na kufunikwa ni msingi uliozikwa, kama vile sura za Berlin zilivyokuwa msingi uliozikwa. Tena aliiacha baada ya Mogamma, na ukiitazama Mogamma utaelewa kwamba alikuwa amefika ukingoni. Ni picha nne, kila moja ikizidi mita 4 na nusu kwenda juu, zilizoonyeshwa katika maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, mwaka 2012. Jina limetoka kwenye jengo kubwa lililokuwa la ofisi za serikali katika Uwanja wa Tahrir, Cairo, ambako kwa miaka mingi Mmisri aliyehitaji hati au kibali alilazimika kupanga foleni, na ambalo mwaka 2011 lilijikuta likiutazama umma uliosimama mbele yake. Mehretu alilichora jengo hilo pamoja na viwanja vingine vya watu, ukiwemo Uwanja wa Meskel wa Addis Ababa na Bustani ya Zuccotti ya New York. Jengo la amri na viwanja vya wanaoamriwa vikaingia katika kanvasi moja. Baada ya hapo, nadhani, angeendelea na majengo angekuwa anajirudia. Sisi hatujafika hapo. Hatujachora hata foleni ya ofisi moja ya wilaya.

Kwa hiyo usimfuate alipo leo wala alipokuwa jana. Fuata namna alivyojiuliza jengo linafanya nini kwa mwili wa mtu. Nitakupa mfano ulio karibu na chuo chako. Katika barabara ya Kabakanjagala, inayotoka Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka, kwenda Bulange, jengo la bunge la Buganda, kuna mzunguko wa Nantawetwa. Sisi sote tukifika pale tunazunguka, iwe kwa boda au kwa gari la waziri. Kabaka peke yake ndiye anayepita katikati, moja kwa moja. Mamlaka yote ya ufalme imewekwa katika mstari mmoja mnyoofu unaokata duara. Huo ni mchoro tayari, umechorwa ardhini, na sijaona mchoraji hata mmoja aliyeuhamishia kwenye kanvasi.

Sasa lubugo. Linatengenezwa kwa kulibandua gome la mutuba na kulipondaponda kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza yenye mifereji mipana, kisha nyembamba zaidi, hadi gome lipanuke mara kadhaa ya upana wake wa kwanza. Shina lililobanduliwa hufunikwa kwa majani ya mgomba ili lipone na lizae gome jingine. Kwa hiyo unachokishika ni nyuzi zilizolegezwa kwa kupigwa, na nyuzi zilizolegezwa lazima zinywe. Lipake kwanza gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji, upande wa nyuma na wa mbele, ulinyooshe juu ya ubao lingali bichi, uliache likauke kivulini. Baada ya hapo akriliki ya kupitisha mwanga itakaa juu. Usilipige msasa mkali, kwa maana utazing'oa nyuzi. Tumia msasa laini kabisa na usimame kila unapoona vumbi jekundu, kwa kuwa hilo ni gome lenyewe linaondoka.

Na zile sehemu ambapo gome lilitoboka na fundi akaziba kwa kiraka na uzi wa rafia, usizifiche. Wachoraji wengi hununua lubugo lisilo na viraka. Mimi ningechagua lenye viraka, kwa sababu mshono ule ni mstari ambao mtu mwingine ameshauchora kabla yako, na picha yako inalazimika kumjibu. Wasanii wetu Acaye Kerunen na Collin Sekajugo walipoiwakilisha Uganda huko Venice mwaka 2022, mara ya kwanza nchi yetu kuwa na banda lake pale, na banda hilo likatajwa kwa heshima maalumu, kazi ya Kerunen ilisimama juu ya mikono ya wanawake wanaosuka mikeka na vikapu, na hakuificha mishono yao.

Mchangiaji, Kumi:

Wanajukwaa, sisi wa Teso tusisahauliwe. Kilomita chache kutoka mji wa Kumi kuna mapango ya Nyero, na kwenye miamba yake kuna duara ndani ya duara ndani ya duara, zimechorwa kwa rangi nyekundu na nyingine kwa nyeupe, na maumbo marefu ambayo wengine huyaita mitumbwi. Ni kazi ya watu waliotutangulia sana. Hayo si jengo, lakini nilipokusoma ukieleza pete za Kasubi nikayakumbuka mara moja.

Mwanzisha uzi, Kampala:

Umefanya vema kuyaleta, ndugu. Naomba tu tuwe waangalifu tusiseme kwamba duara za Nyero na pete za Kasubi ni kitu kimoja kwa kuwa zote ni duara. Za Kasubi tunajua zinasimama kwa ajili ya nani, kwa sababu wenyewe wapo na wanasema. Za Nyero, waliozichora hawapo wa kutuambia, na watafiti wanatofautiana. Mchoraji akizitumia za Nyero, uaminifu unamtaka azitumie kama alama ambayo maana yake imefungwa, wala asiibandike maana ya kubuni ili iuzike. Ila jambo moja la usanifu lipo pale na ni la hakika: mchoraji wa kale alichagua uso wa mwamba ulio chini ya jiwe linaloning'inia, mahali penye kivuli ambapo mvua haifiki. Alichagua paa kwanza, ndipo akachora. Ndiyo maana tunaona rangi yake mpaka leo.

Mwalimu wa sekondari, Mbale:

Basi nifunge kwa ombi la vitendo. Nina darasa kubwa, karatasi chache, na hakuna akriliki. Nianzie wapi Jumatatu?

Mwanzisha uzi, Kampala:

Anza na jengo ambalo wanafunzi wanaweza kuingia ndani yake na ambalo limewazidi umri: duka la kale la mjini, kanisa, msikiti, jiko la bibi lenye paa la nyasi. Wakatazwe kuchora sura ya mbele. Wachore mara tatu kwa penseli kwenye karatasi nyembamba ya kufuatishia, ile ya mafundi wa ramani, na kama haipatikani, karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia hupitisha mwanga vya kutosha. Karatasi ya kwanza iwe ya kile kinachobeba: nguzo, boriti, makombamoyo. Ya pili iwe ya njia za watu: nani anaingia mlango upi, nani anakaa wapi, nani haruhusiwi kupita wapi, na hili hawataliweza bila kumuuliza mtu mzima anayelijua jengo, ambayo ni nusu ya kazi. Ya tatu iwe ya alama zilizoongezwa baadaye: rangi, mabango, nyufa, mwaka uliofinyangwa. Kisha wazilaze zote tatu pamoja dirishani na kuzifuatisha kwenye karatasi moja nzito, kwa kalamu ya wino ya kawaida, wakiamua wenyewe mstari upi ubaki na upi ufutwe. Hapo kwenye kuamua ndipo utakapowajua wachoraji ulio nao.

Na wale watakaoweza kufika Kampala, waende Kasubi wakiwa wamevaa kwa heshima, wamuombe mwongozi ruhusa kabla ya kutoa penseli, na waanzie Bujjabukula, nyumba ya lango. Ni ndogo, imeezekwa kwa ustadi ule ule, na mlinzi wake anajua kueleza kila mti uliomo.